Meno ya Kitana kwenye Picha ya Zombe

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwa veranda nachambua ndengu. Ilikuwa Jumamosi, sina zamu, na simu ya kazi nilikuwa nimeiacha chini ya mto. Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya sinia wakati geti iligongwa.

"Hodi, Koplo Kasiva."

Alikuwa Ruqiya, bibi ya Muktar, yule mnunuzi wa mbuzi wa Zombe tuliyekuwa tumemfungia Kitui. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Mama Ifra, hapa si ofisi."

"Ofisini nimeenda. Wameniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu si ndio anapelekwa kortini?"

Nikasogeza sinia, akakaa. Hakutaka chai.

Kesi ilikuwa hivi. Usiku wa Jumanne duka la dawa za mifugo la Mulinge, pale Zombe, lilichomwa. Ndani alikuwa amelala mlinzi, Mzee Mbithi, na mpaka leo yuko hospitali, mikono yote imefungwa bandeji, haongei. Muktar alikuwa amegombana na Mulinge mbele ya soko lote, akisema dawa yake ya minyoo imemuulia mbuzi. Lakini kugombana peke yake si kesi. Kitu kilimfunga Muktar ni klipu. Jumatano jioni Mwewe TV, stesheni ya hapa Kitui mjini, ilionyesha mtu akitoka nyuma ya lile duka na mtungi wa njano mkononi. Anageuka, na sura ni ya Muktar, huwezi kataa. Mtangazaji akasema imechukuliwa na mwananchi kwa simu, Jumanne jioni kabla ya giza, saa chache kabla ya moto. Usiku huohuo tukamshika. Kesi tulipewa mimi na Sajini Muthama, na Muthama alikuwa anasema imeisha kabla ianze.

Ruqiya akatoa simu yake akaiweka juu ya ndengu.

"Angalia ndevu."

Nikaangalia. Ndevu za mvi.

"Jumatatu jioni nilimpaka hina. Mimi mwenyewe, na hii mikono. Jumanne ndio moto. Nyinyi mlimshika Jumatano akiwa na ndevu rangi gani?"

Nilikumbuka askari wenzangu wakimcheka pale kaunta, ati mzee ameiva kama nyanya.

"Ulimwambia Sajini Muthama?"

"Nilimwambia. Akasema picha ya simu inapoteza rangi." Akachukua simu yake. "Koplo, Mzee Mbithi akifa, hii inakuwa kesi ya kuua. Na hii picha ndio itamnyonga mume wangu. Mimi sikuombi umpende. Nakuomba uangalie rangi."

Mtu akija kwangu na hadithi nzuri, namshuku kwanza yeye. Bibi anaweza kusema chochote. Lakini zile ndevu nyekundu niliziona kwa macho yangu mwenyewe.

Nikafunika sinia na taulo nikaenda kuvaa viatu.

*

Mwewe TV iko juu ya hardware, unapanda ngazi za chuma. Meneja anaitwa Nthiwa, mtu wa shati iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kwa ukuta nyuma yake televisheni ilikuwa inaonyesha tangazo. Nikatazama mpaka likaisha. Lilikuwa tangazo la dawa ya minyoo, duka la Mulinge, Zombe.

"Hilo duka si limeungua?"

"Tangazo lililipiwa mwezi mzima, madam." Akazima televisheni. "Na kama umekuja kuuliza nani alituletea klipu, sitasema. Mwandishi hatoi mtu wake."

"Sijauliza nani. Nimeuliza iko wapi. Nataka ile yenyewe, vile ilikuja."

"Ilikuja kwa WhatsApp. Tukarusha, tukafuta. Kompyuta zetu zimejaa."

"Kitu imefunga mtu, mkafuta?"

"Sisi si korti." Simu yake ikalia, akaangalia jina, akaigeuza kifudifudi. "Editor wetu ako na ile nakala tulirusha. Ndolo! Saidia madam. Lakini haraka, tuko na bulletin."

Ndolo alikuwa chumba cha ndani, kijana wa vidole vyembamba, headphone shingoni, feni inampiga usoni. Akafungua klipu. Ilikuwa ya kusimama, nyembamba, vile watu hushika simu. Ilikuwa pia inatetemeka, kama mtu anapiga picha huku amejificha akiogopa.

"Mbona ndevu ni nyeupe?" nikauliza.

"WhatsApp hiyo. Inafinya file iwe ndogo, na kitu ya kwanza inakula ni rangi. Kila mtu anajua."

"Inakula rangi zote?"

"Zote."

"Mtungi uko na kifuniko. Kifuniko ni rangi gani?"

Akaangalia. Akasonga karibu na kioo. "Nyekundu."

"Kifuniko ni kidogo kuliko ndevu, na kimebaki nyekundu. Hiyo WhatsApp inachagua?"

Akakuna kichwa. "Sasa hapo, afande, umeniweza."

"Rudisha pole pole. Hapo anapogeuka. Simamisha."

Muktar alikuwa amesimama kwa kioo na mkono umenyooka. Lakini ukingo wa mkono haukuwa laini. Ulikuwa na mistari mistari imetoka nje, kama meno ya kitana. Mguu pia. Ukuta wa duka, ambao hautembei, haukuwa na meno hata moja.

"Hii nini?"

Niliona Ndolo anafikiria aseme kiasi gani.

"Kuna kamera za zamani," akasema. "Hazichukui picha yote mara moja. Zinachukua nusu, mstari mmoja zinaruka mmoja, halafu zinarudi kuchukua ile mistari zimeruka. Kama mtu anatembea, nusu ya pili inampata amesonga kidogo. Ukisimamisha ndio unaona hayo meno."

"Na simu?"

"Simu inachukua yote pamoja. Simu haina meno." Halafu, haraka: "Lakini usianze kufikiria vibaya. Mtambo wetu wa kurusha unataka hiyo fomati ya zamani. Kila kitu nikitoa hapa natoa hivyo. Hata klipu ya simu ikipita kwangu inaweza kuota meno. Ni export yangu tu."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuja haraka sana, ndio sikulipenda.

"Nionyeshe klipu ingine ya simu. Bulletin hiyohiyo, siku hiyohiyo."

Akatafuta. Ilikuwa punda wawili wamekata kamba sokoni Nunguni, wanakimbia kati ya viazi na kabeji, akina mama wanapiga kelele. Nikamwambia asimamishe punda wa mbele. Meno yalikuwepo, kweli. Lakini yalikuwa membamba kama nywele, na ukisogeza picha mbele kidogo yanapotea, halafu yanarudi.

"Sasa weka ya Zombe kando yake."

Akaweka. Akasimamisha zote mbili.

Meno ya Zombe yalikuwa manene, mtu angeweza kuyahesabu akiwa mlangoni. Na hayakuwa yanapotea. Kila picha alikuwa nayo.

"Export ni moja," nikasema. "Mtambo ni mmoja. Punda ana meno ya nywele na Muktar ana meno ya kitana cha afro. Ndolo, meno yananenepa aje?"

"Ukivuta picha," akasema pole pole. "Ukikata kipande kidogo ukakikuza kijaze kioo, kila kitu kinakua. Hata meno."

"Kwa hivyo yalikuwa ndani kabla ya kuvutwa. Kabla ifike kwa hii kompyuta."

"Eeh."

"Hii haikupigwa na simu. Ni picha pana ya kamera ya zamani. Mtu amekata kipande cha katikati, akakisimamisha wima ifanane na simu. Ni wewe?"

"Mimi? Manze, afande!" Akageuza kiti. "Ningekuwa mimi, ungeona meno? Programu yangu inaondoa meno kabla sijavuta. Nabonyeza mahali pamoja tu. Mtu amefanya hii na app ya simu. App ya simu haijui meno ni nini, inavuta tu, na kile kipande imekata inakificha tu nje ya fremu."

"Au mtu mjanja ameacha meno ndio niseme si yeye."

"Unapenda kushuku watu, wewe."

"Ndio kazi. Hapa nani huedit na simu?"

Akacheka bila furaha. "Uliza nani hatumii. Bosi alisema programu ya kompyuta ni ghali, waandishi wote wakate na simu. Nikamwambia simu iko na fremu zake, kamera iko na zake, tutaharibu picha. Akaniambia watazamaji hawaangalii fremu. Nimebaki mimi peke yangu, na hii programu nayo ikiisha muda haitalipiwa tena."

Hapo nikaweka jambo lingine kando. Ndolo alikuwa na kinyongo na bosi wake. Mtu mwenye kinyongo anaweza kukuonyesha ukweli, na anaweza kukuonyesha ule ukweli unamfaa.

"Na kamera ya zamani mnayo?"

"Moja. Ako nayo Kilonzo, mwandishi wetu wa huko Zombe. Bosi alimwachia afanye nayo harusi wikendi." Akaangalia mlango. "Leo ako na harusi moja Kathonzweni. Sijakuambia mimi."

Kwa ngazi nikampata Nthiwa amesimama, simu mkononi.

"Umepata, madam?"

"Natafuta bado."

"Basi pole. Kathonzweni ni mbali na hili jua."

Nikashuka ngazi. Kwa gari ndio nilikumbuka kuwa mimi sijamwambia naenda wapi.

*

Kathonzweni harusi ilikuwa imefika kwa chakula. Mahema mawili kando ya kanisa, kwaya imemaliza, watu wamepanga laini ya pilau. Nilikuwa nimevaa kiraia. Kabla nimuulize mtu yeyote, mama mmoja wa kilemba cha zambarau akanishika mkono.

"Wewe ndio mwenzake na huyu wa kamera?"

"Kuna shida, mwaitu?"

"Shida! Mimi ni Ndinda, shangazi ya bibi harusi. Nimemwambia anitolee kakipande niweke status. Hebu ona hii aibu!"

Akanipa simu. Bibi harusi alikuwa anaingia kanisani, klipu ya kusimama, nyembamba, na alikuwa anatetemeka kutoka kichwa mpaka viatu.

"Watu wa Nairobi wananiuliza kama msichana ako na malaria," Ndinda akasema. "Mwingine anauliza kama kanisa linaanguka! Na huyo kijana nimemwona, alikuwa ameweka kamera kwa miguu yake mitatu. Sasa inatetemeka aje?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote nilikuwa nimeuliza siku hiyo.

Nikatoa simu yangu nikafungua klipu ya Zombe, ile Ndolo alinipa. Nikashika simu mbili pamoja nikazianzisha pamoja. Bibi harusi akaruka juu, juu, kushoto, akatulia, akashuka. Muktar akaruka juu, juu, kushoto, akatulia, akashuka. Nikarudia. Sawasawa. Mkono wa mtu hauwezi kutetemeka namna moja mara mbili, na hapa ilikuwa Zombe na Kathonzweni.

"Ni nini?" Ndinda akauliza.

"Nitamwambia airekebishe, mwaitu. Ako wapi?"

Kilonzo alikuwa nyuma ya jikoni ya kanisa, karibu na tenki la maji, anakula amesimama. Kamera ya zamani ilikuwa inaning'inia begani. Nilipomwonyesha kitambulisho akaweka sahani juu ya tenki, pole pole, kama ni ya glasi.

"Afande, mimi ni mtu wa harusi tu."

"Na wa habari. Klipu ya Muktar ulipiga lini?"

"Hiyo ilitoka kwa mwananchi."

"Mwananchi gani ako na kamera kama hii yako?"

Akaishika kamera na mikono miwili. "Angalia kama unataka. Kadi niliisafisha asubuhi ndio niingize harusi. Simu pia angalia. Hakuna kitu."

Akanipa simu mwenyewe. Mtu akikupa simu haraka hivyo, ameshafuta. Picha zilikuwa za keki, za maua, za bwana harusi anarekebisha tai. Zombe hakuna.

"Sawa," nikasema. "Sasa fungua ile app inatetemesha bibi harusi."

Akaangalia sahani yake.

"Shangazi Ndinda analia huko nje, Kilonzo. Kamera iko kwa tripodi na picha inaruka. Hukuzima ule mtetemo. Kwa nini ulikuwa umeuwasha?"

"Ni makosa tu..."

"Fungua."

Akafungua. Kazi za harusi zilikuwa zimepangwa chini, moja kwa moja. Kila moja ilikuwa imeanzia kwa nyingine, vile watu wa harusi hufanya: unachukua kazi ya jana, unabadilisha picha, unaacha fremu na mapambo yake. Hakuna mtu anaanza upya kila Jumamosi. Na ile ya leo ilikuwa imeanzia kwa moja ya Jumatano, na hiyo hangeweza kuifuta kabla amalize, kwa sababu ndio ilikuwa na fremu yake ya wima.

Nikaigusa. Muktar akatokea, na mtungi wake.

Nilikuwa nimejifunza kitu kwa Ndolo. Ukikata picha na hizi app, kipande kingine hakitupwi, kinafichwa tu nje ya fremu. Nikaweka vidole viwili kwa kioo nikafinya.

Picha ikapanuka. Kushoto kukatokea hema, halafu watoto wa shule kwa mistari, halafu utepe umefungwa kati ya nguzo mbili, haujakatwa, na kitambaa kikubwa juu yake: uzinduzi wa soko jipya la mbuzi, Zombe. Hiyo sherehe mimi mwenyewe nililinda. Ilikuwa wiki mbili kabla ya moto. Kulia kukatokea mbuzi wamefungwa kwa uzio, na Muktar, ndevu zake za mvi, anatoka kando ya duka, anawaendea, anainama anawamiminia maji kutoka kwa mtungi wa njano.

Huko kwa mahema kwaya ilianza tena.

"Alikuwa anapea mbuzi maji," nikasema.

Kilonzo akaketi kwa jiwe. "Mimi sikusema amechoma. Mimi nilitoa picha tu."

"Nani alisema uitoe?"

"Bosi. Nthiwa. Jumatano asubuhi alinipigia, akaniambia leo tunaongoza na Zombe. Nikamtumia hii vile iko, pana. Akaniambia hiyo ni ya kamera, siku hizi watu hawaamini kamera, wanaamini simu ya mwananchi. Ifanye simu." Akajipangusa mdomo. "Nikaifanya simu. Mtetemo niliongeza mimi, ndio iwe kama ukweli. Hakuniambia ataweka maneno ya moto!"

"Ulipoiona kwa habari ukafanya nini?"

Akachora mstari kwa vumbi na kiatu.

"Kuna Mzee Mbithi hospitali," nikamwambia. "Na kuna mtu tumemfunga bure. Sasa nisikize vizuri. Hii picha utume kwa Sajini Muthama na kwangu. Tuma kama document. Ukituma kama video itafinywa, halafu wataniambia tena rangi imeliwa."

Ilichukua muda, mtandao wa huko ni wa kubembeleza. Muthama alipiga simu kabla hata ya kwangu ifunguke.

"Kasiva, huu ni utepe?"

"Ni utepe."

"Ngai. Bila ile klipu hatuna kitu ya kumshikilia. Naenda kwa mkuu wa kituo saa hii. Wewe mwambie bibi yake, mimi naona aibu."

Nikakata. Lakini kuna kitu kilikuwa hakijakaa, na nilijua ni nini. Nikarudi kwa Kilonzo.

"Rudia ile simu ya Jumatano. Maneno yenyewe."

"Alisema, Kilonzo, si ulikuwa kwa ule uzinduzi? Nitafutie mahali Muktar anaonekana karibu na duka la Mulinge."

"Alisema Muktar? Jina?"

"Jina."

"Saa ngapi?"

"Nilikuwa bado sijaamka. Kuku ndio zilikuwa zinalia."

Asubuhi hiyo sisi polisi tulikuwa tunamwaga maji kwa majivu. Hatukuwa na jina lolote. Jina la Muktar tulilisikia jioni, kwa televisheni, kwa habari ya Mwewe. Na mtu alikuwa amempa Nthiwa hilo jina moto ukiwa bado unatoa moshi. Nikakumbuka lile tangazo la Mulinge, limelipiwa mwezi mzima.

"Chukua simu," nikamwambia Kilonzo. "Mwandikie. Uliza ukweli tu, usiongeze kitu."

Nilimsimamia mpaka akamaliza, na nikasoma kabla atume:

*Bosi, ile Jumatano asubuhi, nani alikuambia ni Muktar?*

Akatuma. Tiki mbili. Zikageuka bluu palepale, kama mtu alikuwa ameishika simu anangoja.

Juu ikaandika kwamba anaandika. Ikaacha. Ikaandika tena. Mimi nilikuwa natengeneza kichwani majibu yote mtu safi angeweza kutoa. Angeuliza, kwani kuna nini. Angesema ni wewe uliniambia. Angesema ni watu wa soko.

Ikaacha kuandika. Halafu picha ya Nthiwa, ile amevaa suti ya kijivu, ikatoka, pakabaki duara tupu.

"Ame-block mimi," Kilonzo akasema.

"Andika tena."

Akaandika neno moja, *Bosi?*, akatuma.

Tiki moja. Tuliiangalia mpaka Ndinda akaja kuuliza kwa nini hakuna mtu anapiga picha keki ikikatwa. Ilikuwa bado moja.